Karatasi Isiyochanika

Kwenye ofisi ile ya maji kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuna mtu aliyeupita bila kupunguza mwendo. Ulikuwa mwisho wa korido, mkabala na bomba la kunawia, na ndani yake alikaa mwanamke mwenye miwani ya kamba, kiti kimegeuziwa dirisha ili mwanga umwangukie begani. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye faili la utumishi, lakini watu walimwita Bi Chapa. Alikwisha kulizoea hilo, hata mtu akimwita kwa lile la kweli, aligeuka naye kutazama nani anaitwa.

Bi Chapa hakusoma sana. Alimaliza shule ya msingi, baba yake akasema binti akijua kusoma na kuandika ametosha. Mama yake, ambaye hakujua hata hivyo viwili, akabishana na mumewe msimu mzima mpaka binti akapelekwa chuo cha kupiga chapa. Huko alimkuta mwalimu mmoja mwanamke, mrefu, mkavu, aliyevaa soksi hata joto likiwa la kukaanga yai barabarani. Huyo mwalimu alipomaliza kuwasomea imla, alipita meza kwa meza, akachukua karatasi ya mtu, akaenda nayo dirishani na kuiinua kwenye mwanga. Mahali palipofutwa kwa raba karatasi huwa nyembamba, na jua hupenya. Akiona hata tobo moja la mwanga hakusema neno. Aliichana katikati, akaitia kwenye kikapu, akakuwekea nyingine nyeupe.

"Karatasi ni uso wako," alikuwa akisema. "Nani anatoka kwao na uso wenye viraka?"

Bi Chapa alilia sana mwaka ule. Alilia, akajifunza, na alipotoka chuoni alikuwa na mkono ambao haukukubali kiraka. Ofisini nako kazi ilimfunga zaidi, kwa sababu kila barua ilipigwa na nakala zake, kaboni katikati, karatasi juu ya karatasi kama chapati kwenye sahani. Ukikosea juu umekosea mpaka chini. Wengine walipaka ile rangi nyeupe ya kufutia wakapuliza ikauke. Yeye hapana. Alishika fungu zima, akalichomoa kwenye mashine kwa mvuto mmoja, akalichana, akapanga jingine na kuanza upya toka tarehe.

Na ziwe zimechanwa ngapi, aliyejua ni kikapu. Zilizotoka mlangoni zilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Enzi hizo zilikuwa na utamu wake. Asubuhi alifungua dirisha, akaipiga mashine brashi katikati ya meno yake, akabadilisha utepe wa wino na vidole vikatoka vyeusi, akavifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Saa mbili na nusu foleni imeshaanza. Mhasibu ana jedwali lake, fundi mkuu ana ripoti iliyoandikwa kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga matope.

"Bi Chapa, nifanyie hii upesi, bosi anaisubiri."

"Hata wa kabla yake alikuwa anasubiri, na alistaafu mzima wa afya. Weka hapo."

Kitu alichojivunia kuliko vyote ni kichwa cha habari. Alikitazama, akahesabu herufi kimoyomoyo, akagawa kwa mbili, akarudisha mashine nyuma kiasi hicho toka katikati ya karatasi, na kichwa kikakaa sawa kabisa, kushoto na kulia pakiwa mapacha. Hakutumia rula. Watu walikuja na rula zao kumjaribu wakaondoka nazo kwapani.

Kisha akaja mkuu mpya wa ofisi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa kutosha kuzaliwa na Bi Chapa, na mara ya kwanza alipoingia kwenye kile chumba alisimama mpaka akaribishwa kiti. Alimwambia taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Mama, utepe wa mashine hii hauuzwi tena mjini. Tumeletewa kompyuta. Mwisho wa mwezi ujao nitakupa ripoti uiandike juu yake mbele yangu. Ukiiweza, kiti hiki ni chako mpaka ustaafu. Ikishindikana, nitakuombea stoo ya mafaili, ukae kwa utulivu."

Stoo ya mafaili ilikuwa chini ya ngazi. Dereva mmoja mzee alipelekwa kule macho yalipopungua, na kila ukimsalimu alijibu, "Tupo, mwanangu. Huku hata mende wamestaafu." Bi Chapa aliitikia, "Sawa, baba," akangoja mkuu atoke, akafunga mlango. Aliomba kwa maneno machache, maana aliamini Mungu si kiziwi wa kurudiwarudiwa.

Sasa, mtu pekee aliyemjua ambaye kompyuta ilikuwa riziki yake alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza. Huyo mkwe alikuwa na duka la vifaa vya ofisi karibu na kituo cha mabasi. Alitoa fotokopi, alipiga picha za paspoti, na nyuma ya pazia alikuwa na kompyuta ya kuandikia watu barua za kuomba kazi. Kati yake na mama mkwe hapakuwa na ugomvi hata wa punje. Palikuwa na heshima tu, tena nyingi mno. Waliishi kama watu wawili waliobeba sinia moja lililojaa glasi, kila mmoja akitazama mguu wa mwenzake asije akajikwaa. Mkwe hakuketi kabla mama hajaketi, na mama hakuomba maji kwa mkwe kabla ya kumuuliza kwanza kama amechoka.

Ndiyo maana siku Bi Chapa alipoingia dukani na mkoba wake, mkwe aliacha wateja na kuja kumpokea mlangoni.

"Shikamoo mama. Kuna usalama?"

"Marahaba. Usalama upo. Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini, mama?"

"Hicho unachokipapasa huko nyuma ya pazia."

Mkwe alimwonyesha kuwasha na kuzima. Akamwonyesha mausi, ambayo Bi Chapa aliinyanyua hewani ilipofika ukingo wa meza, akauliza sasa huyu aende wapi na njia imekwisha. Vidole vyake vilijua herufi zote zilipo, ila vilizishukia kwa kishindo cha miaka yote ile, na kibodi ya plastiki ikaruka mezani kama kikaango.

"Polepole mama, hiyo haina nyundo ndani."

"Haina nyundo, sasa herufi inachapwa na nani?"

Mkwe akamweleza alivyoweza. Akamfungulia ukurasa mweupe, akamwonyesha kijistari kinachokonyeza, kwamba pale ndipo herufi itakapotua. Kisha akarudi mbele kwenye kaunta. Hakukaa nyuma yake kumchungulia, kwa sababu kumsimamia mama mkwe mgongoni kama mlinzi ni utovu wa adabu. Bi Chapa naye hakumwita, kwa sababu mkwe alikuwa na wateja, na mkubwa haiti kila dakika kama mtoto aliye msalani.

Basi ikawa hivyo kila alasiri. Bi Chapa anatoka kazini, anaingia nyuma ya pazia, vidole vinasikika vikikimbia. Jioni mkwe anakuja kufunga duka na kukuta nini? Mistari miwili. Siku nyingine mitatu. Siku nyingine ukurasa mweupe pe, na mama amekaa mbele yake amekunja mikono.

"Mama anaendeleaje?" mume wake alimuuliza nyumbani.

"Anakwenda," mkwe alijibu, akaendelea kukunja nguo. Angesema nini zaidi?

Mlango wa pili palikuwa na fundi cherehani, mwanamke ambaye mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. Alikuwa akiingia kila mara kuomba chenji, akichungulia pazia.

"Shoga, bado uko mstari wa pili? Huo ni uandishi au ni kuchimba kisima?"

"Kisima kikitoa maji utakuja na ndoo," Bi Chapa alimjibu bila kugeuka. Lakini fundi alipotoka, alivua miwani akaifuta ilhali haikuwa na vumbi. Mwezi ulikuwa unakwisha. Alishaanza kuota lile giza la chini ya ngazi, na yule mzee wa mende akimsogezea kigoda.

Kilichomwokoa ni rimu ya karatasi. Alasiri moja karatasi za fotokopi ziliisha, mkwe akaingia nyuma ya pazia kuchukua nyingine, kimya kimya asimsumbue mama. Akasimama pale pale. Mbele yake kioo kilikuwa kimejaa. Ukurasa ulikaribia mwisho, aya zimekaa, kichwa katikati, maneno yamenyooka kama askari wa gwaride. Mkwe alikuwa hajawahi kuona mtu akiandika kwa kasi ile. Moyo wake ukapaa.

Hapo hapo Bi Chapa akasita. Akaguna. Akashika mausi, akaipeleka pembeni juu kabisa, pale pa kufungia. Kikatokea kile kisanduku cha swali, unataka kuhifadhi au hutaki. Akabonyeza hutaki. Ukurasa wote ukapotea. Akafungua mwingine mweupe, akapandisha mikono, akaanza toka tarehe.

Mkwe aliiweka rimu chini.

"Mama, umeufanya nini ule?"

"Nimeuchomoa. Nilikosea."

"Umekosea wapi?"

"Mstari wa mwisho. Herufi moja imeruka ikaenda kwa jirani."

"Herufi moja, mama?"

"Moja inatosha."

Mkwe akayapanga kichwani. "Kwa hiyo siku zote hizi, ulikuwa unaandika halafu unachomoa?"

"Sasa ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani," mkwe akaanza. "Nilidhani unapumzika."

"Sema kweli. Ulidhani mama mkwe wako ni mzito."

Mkwe akatazama sakafu. Bi Chapa akatazama kioo. Halafu, hakuna anayejua nani alianza, mmoja akacheka puani, mwingine akashindwa, na wakacheka mpaka Bi Chapa akashika ubavu. Fundi cherehani akaja mbio na futi yake ya kamba shingoni kuona kulikoni. Alipoelezwa akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo mimi nikipindisha kola nichome gauni?"

"Wewe gauni zako ndiyo afadhali uchome," Bi Chapa akamjibu, na hata wateja wa mbele wakacheka.

Mkwe akavuta ile benchi ya wateja, akaketi bega kwa bega na mama, bila kungoja kukaribishwa. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama, andika neno, halafu likosee."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Vidole vikagoma. Ilikuwa kama ameambiwa atukane mbele ya nyumba ya ibada. Alijaribu, neno likatoka sahihi. Akajaribu tena, likatoka sahihi. Mwishowe mkwe akamshika kidole kimoja, akakibonyeza yeye mwenyewe kwenye herufi isiyohusika. Kisha akamwonyesha kitufe cha kurudi nyuma. Herufi mbaya ikaondoka, ikaja nzuri pale pale, na jirani zake hawakushtuka.

Bi Chapa akavua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akapapasa pale mahali kwa ncha ya kidole.

"Kovu liko wapi?"

"Halipo, mama."

"Haliwezi kukosekana."

Mkwe akamtolea ule ukurasa kwenye printa, ukatoka bado una joto. Bi Chapa akaenda nao hadi mlangoni, akauinua kwenye jua la alasiri kama mwalimu alivyoinua zake zamani. Akautazama juu, akautazama chini, akaugeuza. Wapita njia walidhani anakagua noti bandia. Hapakuwa na tobo hata moja la mwanga. Alisimama hapo muda mrefu, na mawazo yakaenda kwenye kile chuo, kwenye kikapu kilichojaa nusu nusu za karatasi, kwa msichana mmoja mwembamba aliyeminya kwikwi ili mwalimu asimsikie. Alitamani angeweza kumpitishia hata huu mmoja dirishani.

"Mungu akisamehe," akasema aliporudi kuketi, "nadhani ndivyo anavyofanya. Anarudi hadi pale pale palipoharibika, haanzi na tarehe."

"Amina," mkwe akasema.

"Binadamu ndio wenye kaboni."

Toka siku ile mambo yakaenda kama maji kwenye mteremko. Kukoza herufi, kuhamisha aya kutoka chini kwenda juu, kuhifadhi kila baada ya muda kama mtu anayefunika chungu. Mkwe alimwambia asibonyeze kitufe cha mstari mpya kila mwisho wa mstari, neno litashuka lenyewe. Bi Chapa alichukua siku kuamini. Mkono wake wa kushoto uliendelea kunyanyuka kutafuta ile shingo ya mashine ya kusukumia mstari mpya, ukakuta hewa, ukarudi chini na aibu yake.

Jambo moja tu lilimuuma. Mkwe alikuwa anamfundisha kuweka kichwa cha habari. Bi Chapa akamzuia, akahesabu herufi, akagawa, akaanza kupiga nafasi kwa dole gumba. Mkwe akanyoosha mkono, akabonyeza mahali mara moja, na kichwa kikatembea chenyewe kikakaa katikati.

Bi Chapa akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Pole, mama."

"Pole ya nini, kazi si imerahisika. Niache tu kidogo."

Mkwe akamwacha. Akaenda kuchemsha chai kwenye birika la umeme, akarudi na vikombe viwili, wakanywa. Chai ilipofika nusu ndipo Bi Chapa akaanza kumsimulia habari ambazo hata mwanawe hakuwahi kuzisikia. Alimsimulia jinsi marehemu mumewe, wakati huo karani wa idara ya pili, alivyokuwa analeta barua kupigwa chapa. Akipewa, anarudi baada ya saa moja, amebadilisha neno moja tu, naomba uipige upya. Kesho yake tena neno moja.

"Na hukujua anachotafuta?"

"Nilijua kuanzia barua ya pili. Nikawa naipiga polepole." Akapuliza chai. "Ingekuwa enzi zenu hizi, ningelibadilisha hilo neno yeye bado amesimama mlangoni, angesema asante akaenda zake. Na wewe leo ungekuwa umeolewa na nani?"

Siku ya mtihani, mkuu wa ofisi alikuja na kalamu, daftari na kiti chake mwenyewe. Aliketi pembeni, si mgongoni. Ripoti ilikuwa ya matengenezo ya mabomba, imeandikwa na fundi mkuu kwa ule mwandiko wake wa kuku. Bi Chapa alikunjua vidole, akasema jina la Mungu, akaanza. Chumba kilijaa sauti ndogo, kama mvua ya rasharasha juu ya majani.

Katikati ya ukurasa wa pili, kwenye habari za mita zilizoharibika, akakosea.

Mkono ulikwenda wenyewe. Kabla hajajua, mausi ilikuwa imepanda pembeni juu, amebonyeza, na kisanduku cha swali kimetokea kinangoja. Mkuu aliinua macho. Bi Chapa aliona mlango wa stoo umefunguka kidogo na hewa yake ya karatasi za kale inamjia. Hakukisoma kile kisanduku siku zote zile. Alikuwa anabonyeza tu. Sasa akakisoma, neno kwa neno, mdomo ukimcheza. Kulikuwa na jibu la tatu, dogo, la kughairi. Akalibonyeza. Kisanduku kikaondoka, ripoti ikabaki pale pale ilipo, haina kinyongo. Akarudi nyuma herufi nne, akalitengeneza neno, akaendelea.

Alipofika mwisho mkuu akafungua daftari.

"Mama, hapa katikati fundi amesahau habari za tangi. Iingie baada ya mita, kabla ya mabomba."

Mkuu aliisoma kwa sauti, naye Bi Chapa akaiandika hapo hapo alipoambiwa. Kila alipoongeza neno mistari ya chini ilisogea, mmoja baada ya mwingine, kama waumini kwenye benchi wanavyompisha aliyechelewa. Ilimbidi asimamishe kazi kidogo, aitazame. Alikuwa ameshaiona hivyo mara nyingi kule nyuma ya pazia, lakini leo aliitazama mpaka wa mwisho ukatulia.

Mkuu aliisoma ripoti iliyotoka kwenye printa mpaka chini. Akaikunja.

"Kiti ni chako, mama," akasema. "Samahani kwa kukukosesha usingizi."

"Usingizi utarudi, baba. Ahsante."

Mchana huo wakaja vijana wawili wa matengenezo kuichukua ile mashine. Aliwaambia wangoje. Aliipiga brashi mara ya mwisho, akaifuta pembeni zote, akaivika kifuniko chake cha turubai na kukifunga kamba. Wakaibeba wakilalamika uzito wake, naye akawafuata kwenye korido hadi walipokata kona, akiwaambia waangalie ngazi.

Kesho yake, ofisi ilipofungwa, miguu ikampeleka alikozoea. Mkwe alikuwa peke yake, anafagia vipande vya karatasi. Alipomwona akasimamisha ufagio.

"Mama, si ulifaulu? Mume wangu ameniambia."

"Nilifaulu."

"Sasa kuna shida gani?"

"Hujanifundisha kuchora jedwali," Bi Chapa akasema, akipita kwenye pazia na kuweka mkoba chini. "Washa birika, uje usogee hapa."